Mjadala: Mgeni wa mbio akipumzika, alipe amande (faini)?

Wa Nguba (ameanzisha mjadala)

Jambo wote. Kundi letu la sport hapa Bukavu lina kanuni ambayo nimeichoka. Mgeni akijiunga, mwezi wa kwanza anakimbia kila asubuhi, Jumatatu mpaka Jumamosi, saa kumi na moja na nusu. Asiyeonekana analipa amande ya franka 1,000. Eti mwili uzoee.

Mimi niliuzoesha. Wiki ya tatu pumzi ilikuwa imefunguka kabisa, napanda mlima huku naongea, najiona kijana. Wiki hiyohiyo goko la kulia (mfupa wa mbele wa mguu) likaanza kuwaka, mahali padogo pa kufunikwa na kidole gumba. Nikanyamaza, maana franka 1,000 si mchanga. Wiki ya tano nilikuwa nashuka ngazi za nyumbani nimeshika ukuta. Nikakaa nje wiki sita. Kitabu cha amande kinaonyesha sidaiwi kitu.

Baadaye ndipo nikaelewa. Moyo na mapafu hushika mazoezi ndani ya wiki chache, lakini mfupa na kano vinataka miezi. Mfupa ukigongwagongwa, mwili kwanza huondoa sehemu iliyochoka, ndipo ujenge mpya, na katikati ya kazi hiyo mahali pale ni dhaifu kuliko siku ulipoanza. Ukirudi kesho na keshokutwa unagonga ukuta ambao fundi ametoa matofali ya zamani na hajapanga mapya. Ndiyo maana mgeni anavunjika hasa wakati anajisikia vizuri.

Pendekezo langu: wiki nane za kwanza, siku tatu kwa wiki, zisifuatane, na amande ifutwe. Mnasemaje?

Kapiteni

Pole kwa goko, ndugu yangu, lakini ungesema. Hakuna aliyekuziba mdomo.

Amande hatukuiweka kwa kupenda franka. Kabla yake tuliwaacha watu huru. Walianza kumi na wanne, mwezi wa tatu wakabaki watatu, na kati ya walioondoka hakuna hata mmoja aliyelalamika mguu. Walishindwa na blanketi. Mpe mtu Jumanne ya kupumzika, atajichukulia na Jumatano mwenyewe, na Alhamisi mvua itamsaidia. Wewe unawaona walioumia kwa sababu ni wewe. Mimi ninaona wale ambao hawakurudi.

Koko wa Muhumba

Vijana wa leo! Sisi tulitoka Kabare kwa miguu kuja kusoma mjini, tukarudi jioni, kila siku, wengine bila kambambili. Nani alitupa siku ya kupumzika? Na huyo Kipchoge mnayemtazama kwenye simu, Jumapili pia anakimbia.

Wa Nguba

Koko, heshima yako. Ila mlianza safari hiyo mkiwa watoto, na mlitembea. Miguu ya anayetembea haiachi ardhi yote miwili kwa pamoja. Anayekimbia anaruka na kutua, anaruka na kutua, kila hatua. Na Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 kule Paris mwaka 2003, akaja kukimbia marathoni yake ya kwanza Hamburg mwaka 2013. Miaka kumi baina ya hizo mbili! Jumapili yake si ya mtu ambaye mwaka jana mbio zake zote zilikuwa kukimbilia taksi.

Kine wa Kadutu

Nafanya kazi ya kine, yaani kutibu viungo kwa mazoezi, miguu ya watu ndiyo mkate wangu, kwa hiyo Kapiteni, wewe ni mteja mzuri kwangu.

Swali hili lilipimwa zamani. Mwaka 1977 Mmarekani Michael Pollock na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya na wafungwa, wanaume wa miaka 20 mpaka 35 waliokuwa wapya katika mbio. Dakika 30 kila mara, kwa wiki 20. Waliokimbia siku moja kwa wiki, hakuna aliyeumia. Siku tatu, waliumia 12 kwa mia. Siku tano, 39 kwa mia. Ninyi mnakimbiza watu siku sita.

Tena hapa kwetu kuna jambo ambalo hamjalitaja: kushuka. Wote mnaogopa kupanda, lakini kupanda kunamaliza zaidi pumzi. Kwenye mteremko misuli ya paja inashika breki huku inavutwa, na ndiyo inayochanika vidogovidogo. Maumivu yake hayaji siku ileile, mara nyingi yanakomaa siku ya pili. Sasa mgeni aliyeshuka Jumatatu anakuja Jumatano akiwa ndiyo kwanza amekakamaa, na mnamteremsha tena, kwenye tope. Mimi wageni wangu wanapanda mbio na kushuka kwa kutembea. Watu wanawacheka, waache wacheke.

Kapiteni

Kine, umesoma nusu ya karatasi. Na pumzi je? Nani aliendelea zaidi?

Kine wa Kadutu

Ulikuwa hujauliza. Uwezo wa mwili kutumia oksijeni uliongezeka karibu 8 kwa mia kwa wale wa siku moja, karibu 13 kwa wa siku tatu, karibu 17 kwa wa siku tano.

Kapiteni

Basi! Siku tano ndiyo inajenga.

Wa Nguba

Inamjenga anayebaki mzima. Kutoka siku tatu kwenda tano unaongeza nne za pumzi, na unalipa 27 za majeruhi. Bei hiyo mama wa sokoni akikutajia utaondoka bila kumjibu.

Msabato mmoja

Samahani, mimi nina swali dogo. Jumamosi ni Sabato yangu. Tangu nijiunge nalipa franka 1,000 kila wiki kwa kumtii Mungu. Eric Liddell, mkimbiaji wa Uingereza ambaye Sabato yake ilikuwa Jumapili, alikataa kukimbia mchujo wa mita 100 siku ya Jumapili, Olimpiki ya Paris 1924, akashinda mita 400. Hakutozwa.

Kapiteni

Ndugu, wewe ungesema tangu mwanzo! Tutakurudishia.

Mama wa mizigo

Nimesoma yote. Mnabishana kama vile kila mtu akitoka kukimbia anaenda kukaa kwenye kiti.

Mimi nilikimbia na ninyi wiki mbili, daktari alinishauri sababu ya tansio (presha). Baada ya mbio naingia kazini. Kazi yangu ni gunia la muhogo kutoka ziwani kulipandisha mpaka soko la Kadutu, na siku nzuri ni mara tatu. Siku ambayo sikimbii, je, nimepumzika? Wa Nguba, siku zako tatu ni za mtu wa biro, wa kukaa ofisini. Na hiyo amande, kwangu ni chumvi na mafuta ya mezani. Niliacha kwa sababu ya deni la franka 4,000, mguu haukuwa na shida. Kapiteni, uliniandika upande wa blanketi?

Kine wa Kadutu

Mama amesema jambo ambalo sisi wote tumelipita. Mfupa haujui kama unaongezewa uzito kwa sport au kwa ugali wa watoto. Kwa mtu kama yeye ningeanza na siku moja, labda mbili, na ziwe siku ambazo mzigo ni mwepesi.

Wa Nguba

Nakubali. Naondoa neno "siku tatu kwa wote". Mgeni aulizwe kwanza kazi yake ni nini. Lakini amande bado nataka ifutwe.

Kapiteni

Mama, samahani, kweli nilikuandika huko. Deni limefutwa.

Ila kufuta amande yote, hapana. Natoa njia hii: siku ya kupumzika mgeni aje vilevile, asikimbie. Ashike saa, alinde makoti, atembee hadi kona na kurudi. Asiyefika ndiye alipe. Hivyo mguu unapumzika na blanketi halishindi.

Koko wa Muhumba

Hapo sasa umesema kama mtu mzima.

Mama wa mizigo

Kapiteni. Saa kumi na moja na nusu, giza, niache watoto watatu wamelala, nije kushika saa yako?