Kibao cha kona kwenye kiti cha mninga hakitoki, nifanyeje?

Mtoto_wa_Ngamiani: Wakuu, salaam. Nina viti 6 vya mninga vya marehemu mzee, kimoja kinayumba. Nimekipindua nikakuta kile kibao cha pembetatu kilichogundishwa ndani ya kona kimepasuka. Upande mmoja umeachia, mwingine umeshika kama saruji. Skrubu nimeshaitoa. Jana nimekigonga nyundo mara mbili, fremu ikalia "ka!", nikaacha. Sina mashine, nina msumeno, patasi mbili na keekee ya mkono.

Randa_Kongwe: Nyundo weka kando, hiyo "ka!" ni fremu inaanza kupasuka. Kibao hakina thamani, kivunje! Mabaki ya mninga utayaokota kwa fundi yeyote.

Msumeno wa kawaida hauingii humo. Chukua wa kukatia nondo, chomoa bapa lake, lizungushie kitambaa mwishoni upate pa kushika. Kata kibao kila sentimita 1 kuelekea fremu, uishie milimita 2 kabla. Kitabaki kama mkate wa slesi. Hapo vipande unavibanjua kwa patasi kimoja kimoja, mgongo bapa wa patasi ukilala kwenye fremu. Utando wa mwisho uparue taratibu kufuata nyuzi za mti.

Gundi nayo itoke yote. Gundi mpya inashika mti, haishiki gundi ya zamani.

Mama_Msasa: Kama ni gundi nyeupe, kitambaa cha siki ya moto kwa nusu saa kinailainisha. Mimi nilikimbilia pasi, vanishi ya nje ikaota ukungu mweupe. Hadi leo kiti hicho nakigeuzia ukutani.

Randa_Kongwe: Siki sawa, ila acha mti ukauke siku nzima kabla ya kugundisha. Kibao kipya: nyuzi zitoke ubavu mmoja wa fremu kwenda mwingine, la sivyo kitapasuka tena. Ncha ikate kidogo isiguse kona. Paka fremu chaki, bonyeza kibao, punguza pale chaki iliposhika. Toboa kwa keekee kabla ya skrubu.

Lakini kwanza tikisa mguu. Ukicheza, ugonjwa uko kwenye ulimi, ile ncha ya fremu inayoingia kwenye tundu la mguu; kibao kimekufa kwa kubeba mzigo usio wake.

Mtoto_wa_Ngamiani: Mkuu, umejuaje? Ulimi umechomoka kwa mkono, gundi imebaki unga. Nimesafisha, nimegundisha upya, na kwa kuwa sina jiriwa ya kubania nimezungusha kamba ya katani nikaisokota kwa mwiko wa ugali. Nyumbani tunapikia kijiko.

Kibao nilikikata kwa pembe ya digrii 45 kamili, kikacheza. Kumbe kona ya mzee haiko mraba! Chaki imenionyesha, nimepunguza mara tatu ndipo kikakaa.

Kesho jioni nafungua kamba. Vile vitano nimevitikisa pia: viwili vinacheza.

Randa_Kongwe: Nunua mwiko mwingine.