MSAADA: Cheti cha Kenya kimekataliwa kwenye usajili wa besiboli

Mama Brian, Lowell. Jumamosi 18 Januari 2025

Habari za wikendi wapendwa. Naomba mwenye uzoefu anisaidie kabla usajili haujafungwa. Kijana wangu anacheza LL (Little League, ligi ya besiboli ya watoto), umri wake wa ligi msimu huu ni 12, kwa hiyo ndio mwaka wake wa mwisho kwenye uwanja mdogo. Nilipeleka kila kitu: bili ya umeme, mkataba wa nyumba, barua ya shule, pasipoti, I-94 (rekodi ya kuingia nchini). Mama wa usajili alikishika cheti cha kuzaliwa, akaweka kidole kwenye tarehe ya kusajiliwa, akasema hakifai. Kijana alizaliwa nyumbani kwa nyanya yake Murang'a, na mnajua mambo ya kule, cheti tulikitafuta alipotaka kuanza shule. Huyu mama anataka kilichosajiliwa ndani ya mwaka mmoja tangu mtoto azaliwe. Pasipoti nayo ameikataa, anasema ilitolewa kwa kufuata cheti hicho hicho.

Kuna aliyepitia hili na cheti kilichochelewa? Nipeleke karatasi gani? Mtoto anarusha kwa mkono wa kushoto na kocha anamtaka sana, lakini kocha hana sauti ofisini.

Baba Neema, Worcester

Pole sana Mama Brian. Wetu alizaliwa hapa hapa Worcester kwa hiyo cheti hakikutusumbua. Kilichotutesa ni makazi. Karatasi tatu za makazi lazima zitoke makundi matatu tofauti. Ukipeleka bili ya gesi na bili ya umeme wanahesabu moja. Tulirudishwa, tukarudishwa tena, mpaka mtoto akaanza kuniuliza kama sisi tunaishi hapa kweli.

Lakini umesema mkono wa kushoto! Mlinde huyo mtoto. Pitcha (mrushaji) wa kushoto ni mali. Red Sox wetu wa Boston wametoa vijana 4 kwa White Sox wa Chicago mwezi uliopita kumpata Garrett Crochet, na moja ya sababu ni huo mkono. Msimu uliopita aliwatoa wapigaji 209 kwa straiki katika inningi (vipindi) 146, akiwa kwenye timu iliyopoteza mechi 121. Mkono kama huo hautelekezwi kwa sababu ya tarehe kwenye karatasi.

Kato, Waltham

Mama Brian, hiyo sheria haikutungwa kwa ajili ya Kenya. Mwaka 2001 mtoto mmoja wa Bronx, Danny Almonte, naye wa kushoto, alirusha mechi kamilifu (hakuna mpigaji hata mmoja aliyefika kituoni) Williamsport, kwenye mashindano ya dunia ya LL, na dunia nzima ikamshangilia. Baadaye ikaonekana ana miaka 14, si 12, na cheti chake cha Dominikana kilikuwa na kasoro. Tangu hapo kila cheti kutoka nje kinaangaliwa kwa darubini.

Sisi Waganda tuliumia zaidi. Mwaka 2011 vijana wetu walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufuzu kwenda Williamsport. Wakanyimwa viza.

Njoroge, Lynn

Kato, sema yote. Viza zilikataliwa kwa sababu ya vyeti. Tarehe hazikulingana na maelezo ya wazazi. Ndio maana nasema hili la Mama Brian si dogo.

Kato, Waltham

Njoroge, nilikuwa nafika huko, umenikata. Tarehe hazikulingana kwa sababu kijijini mtoto huzaliwa bila karani kuwepo. Huo si udanganyifu. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilikwenda, na ikaifunga timu ya Oregon. Nilitazama mechi hiyo nikiwa kazini zamu ya usiku, mgonjwa niliyekuwa namhudumia akaniuliza kwa nini nalia.

Mzee Salim, Quincy

Assalaam aleikum jamaa. Mama Brian, chukua hati ya kiapo kwa wakili Nairobi, igongwe muhuri Wizara ya Mambo ya Nje, halafu ipelekwe ubalozini. Hiyo inakubalika popote.

Njoroge, Lynn

Mzee shikamoo, lakini hapana. Muhuri wa Wizara ni wa mahakama na vyuo. LL wana karatasi yao wenyewe, tamko la umri linalotolewa pale cheti kinapokosa sifa. Linapitia kwa DA (msimamizi wa LL wa wilaya), si kwa ubalozi.

Mzee Salim, Quincy

Marahaba. Nimeishi nchi hii tangu kabla hujazaliwa, na hakuna ofisi niliyoingia na muhuri wa serikali ikanirudisha. Huyo DA atalitoa kwa kutazama nini? Kwa kutazama kiapo! Kwa hiyo tunarudi pale pale.

Baba Neema, Worcester

Wazee wangu, tusigombane. Ila nina jambo limenikaa rohoni tangu Krismasi. Max Fried, mkono wa kushoto, amekwenda Yankees kwa miaka 8 na dola milioni 218. Blake Snell, wa kushoto, Dodgers, miaka 5, milioni 182. Corbin Burnes amekwenda Arizona kwa milioni 210. Sisi tukabaki na nani? Walker Buehler, mwaka 1, milioni 21.05. Patrick Sandoval, miaka 2, milioni 18.25, na mwaka huu huenda tusimwone kwa muda mrefu kwa sababu kiwiko kilifanyiwa upasuaji Juni. Lucas Giolito hajaturushia hata mpira mmoja wa mechi ya ligi, kiwiko. Liam Hendriks, kiwiko. Garrett Whitlock, kiwiko. Buehler mwenyewe ameshapasuliwa kiwiko hicho hicho mara 2. Na Crochet tunayemshangilia alipasuliwa 2022.

Klabu yenye pesa kama hii inanunuaje viwiko vilivyoshonwa wakati vizima viko sokoni?

Njoroge, Lynn

Kiwiko kizima cha pitcha mwenye miaka 30 hakipo sokoni, Baba Neema. Fried naye aliwahi kupasuliwa, angalia historia yake. Ukimpa mtu miaka 8 unanunua miaka 4 ya mkono na miaka 4 ya majuto. Craig Breslow, mkuu wa besiboli wa Red Sox, mwenyewe alikuwa pitcha wa kushoto, anajua mkono unavyozeeka. Amechukua mikataba mifupi. Buehler akirudi kuwa yule aliyemalizia mechi ya mwisho ya fainali dhidi ya Yankees Oktoba akiwa Dodgers, tumefaidi. Asiporudi, mwaka mmoja umeisha. Crochet hana hata milioni 4 za mshahara mwaka huu. Kwa hesabu hiyo hakuna biashara iliyofanywa vizuri zaidi majira haya.

Baba Neema, Worcester

ERA ya Buehler, yaani pointi anazoruhusu kwa kila inningi 9, msimu uliopita ni 5.38. Inningi moja ya Oktoba haifuti hiyo.

Na usiniambie Breslow anajua mikono. Mwisho wa 2023 alimtoa Chris Sale kwenda Atlanta, tena akaongeza dola milioni 17 ili wamchukue. Akampata Vaughn Grissom, ambaye paja lilimsumbua mwaka mzima. Sale akashinda mechi 18, ERA 2.38, akachukua Cy Young, tuzo ya pitcha bora. Sale! Yule tuliyemuuguza kiwiko, mbavu, kidole na kifundo miaka yote ile. Tulilipa hospitali, wenzetu wakala matunda.

Ciku RN, Lowell

Ninyi wanaume mnavitaja viwiko kama bei ya nyanya. Ngoja niwaambie kinachofanyika. Kano la ndani ya kiwiko likikatika, daktari anachukua kano lingine, mara nyingi la kifundo cha mkono au la nyuma ya paja, anatoboa mifupa na kulipitisha hapo. Hiyo ndiyo Tommy John, imefanywa tangu 1974. Mtu hukaa nje mwaka au mwaka na nusu. Giolito na Whitlock walifanyiwa ya utepe wa kuimarisha, inayopona haraka kidogo kama kano halijaharibika lote. Wengine wanarudi vizuri. Wengine hawarudi.

Mama Brian, dada yangu, nakuomba hili kabla ya cheti. Umri wa miaka 12 mwisho ni mipira 85 kwa siku. Akifikisha 66 anapumzika siku 4. Akirusha 41 haruhusiwi kuwa mdakaji siku hiyo. Waandikie makocha wote wawili, wa LL na wa timu ya kusafiri, maana kila mmoja anahesabu mipira yake tu, na mkono ni ule ule. Nimewaona watoto wa miaka 14 wakija na kiwiko ambacho hakinyooki. Mzazi anasema kocha alimpenda sana.

Mama Brian, Lowell

Asante sana Ciku, hilo la makocha wawili sikulifikiria. Mwenye jibu la cheti bado namsubiri. Njoroge, huyo DA anapatikana wapi? Mama wa usajili anasema hamjui.

Furaha, Portland. Jumapili 19 Januari

Bwana asifiwe wapendwa. Mimi nasoma tu siku zote lakini leo niseme. Sisi tuliofika Maine mwaka 2019 kutoka Kongo tulilazwa ndani ya Expo, ukumbi wa michezo wa Portland, vitanda vya turubai vimepangana mpaka ukutani. Ukuta kwa ukuta na Expo kuna uwanja wa Sea Dogs, timu ndogo ya Red Sox ya kukuzia vijana. Jioni taa kubwa zinawaka, unasikia watu elfu kadhaa wanapiga kelele na hujui kwa nini. Watoto wetu walikuwa wanasimama mlangoni wanasikiliza. Wanangu walijifunza besiboli kwa masikio kabla ya macho.

Ndiyo sababu biashara ya Crochet imeniuma. Kyle Teel tulimwona hapa Portland msimu uliopita. Mdakaji mwenye adabu, kijana wangu ana saini yake kwenye kofia. Chase Meidroth pia alipita hapa. Mnawataja kama mizigo iliyopakiwa kwenda Chicago, lakini sisi ndio tuliowalea.

Na naomba mtuombee. Vita viko Masisi, na mama yangu yuko Goma. Kila nikimpigia anasema wako sawa, lakini sauti yake naijua.

Kato, Waltham

Dada Furaha, tuko pamoja nawe na mama yako. Tutamtaja leo kanisani Waltham.

Mzee Salim, Quincy

Mwenyezi Mungu amlinde, binti yangu.

Kuhusu klabu, vijana, mnamlaumu Breslow bure. Mwenye mfuko ni John Henry. Ndiye huyo huyo mwenye Liverpool tangu 2010, na kila shabiki wa Liverpool Mombasa anaijua tabia yake. Leo hii Liverpool inaongoza ligi na Salah mkataba wake unaisha Juni bila kusainiwa! Mtu anafunga kila wiki na ofisi imenyamaza. Nyota wetu Mookie Betts alipouzwa kwa Dodgers 2020 walisema ni hesabu. Hesabu hizo ndizo zilizompa Betts pete ya ubingwa huko. Nilikuwa Kenmore, karibu na uwanja wa Red Sox, ubingwa wa 2004 watu walipomwagika barabarani, najua klabu hii ikitaka inaweza.

Njoroge, Lynn

Mzee, klabu hiyo hiyo imechukua ubingwa 4 chini ya Henry, 2004, 2007, 2013 na 2018. Kabla yake ilikaa miaka 86 bila hata mmoja. Tusimpake tope lote.

Kato, Waltham

Mnaowaonea wivu Dodgers, muangalie wanafanya nini. Ijumaa wamempata Roki Sasaki, miaka 23, mrushaji bora wa Japani wa rika lake, kwa dola milioni 6.5 tu, kwa sababu hajatimiza 25 na sheria inamhesabu kama mchezaji wa ridhaa. Yamamoto alisubiri hadi 25 akalipwa milioni 325. Pesa haikuwa kigezo kwa Sasaki, kila klabu ilikuwa na kidogo tu cha kumpa. Alichagua watu watakaoulea mkono wake. Na Dodgers hao hao mwaka 2022 waliwasaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, wote warushaji. Walikwenda kuwatafuta Uganda. Boston imekwenda wapi?

Baba Neema, Worcester

Boston haiendi kwa sababu haijui kusubiri. Nami bado nasema pitcha wetu Nick Pivetta alikataa mkataba wa mwaka 1 wa milioni 21.05 ambao Red Sox walimpa, na mpaka leo hana timu. Mrudisheni! Hana jina kubwa lakini anaanza mechi, wiki baada ya wiki.

Ciku RN, Lowell

Kabla ya kesho: wenye kesi ya uhamiaji iliyo wazi, tembeeni na I-797C (risiti ya maombi) na nakala ya EAD (kibali cha kazi). Sheria ya siku 540, ya kuongeza muda wa EAD wakati unasubiri mpya, imeanza kazi tarehe 13 Januari 2025, lakini rais mpya anaapishwa kesho na hatujui kitakachofuata. Kazini kwangu wawili wameshaogopa kuja.

Njoroge, Lynn

Ya 540 si ya kategoria zote, Ciku, usiwape watu matumaini. C08 (wanaosubiri hifadhi) imo. Wengine wasome kwanza.

Ciku RN, Lowell

Nimesema watembee na karatasi. Sijasema wote wamo.

Baba Neema, Worcester. Jumatatu 20 Januari

Njoroge, jibu moja tu. Siku ya kwanza ya msimu Crochet anaanza, sawa. Ya pili Tanner Houck, sawa. Ya tatu nani? Brayan Bello ana mkataba wa miaka 6 na bado hajatulia. Giolito anatoka kitandani. Kutter Crawford aliruhusu mipira mingi sana kwenda jukwaani mwaka jana. Aroldis Chapman ni wa kumalizia mechi, ana karibu miaka 37, na anatembeza watu bure. Nipe jina la tatu ambalo unalilalia usingizi.

Njoroge, Lynn

Bello. Ana miaka 25, ni mzima, hajawahi kulala kwenye meza ya upasuaji. Wewe ndiye uliyetaka kiwiko kizima.

Furaha, Portland

Bello alirushia hapa 2022. Mpira wake ulikuwa unazama mpaka mpigaji anapiga hewa. Mpeni nafasi.