Hilux ya 3L inachemsha Kitonga: nikarabati rejeta ya shaba, ninunue mpya ya alumini, au nitafute ya mtumba?

Mkulima wa Ilula:
Habari za kazi, wakuu. Ninayo pikapu ya Toyota Hilux ya mwaka 1996, injini ya dizeli ya aina iitwayo 3L, ambayo hushusha nyanya Dar es Salaam na kurudi na mbolea au saruji. Kwenye tambarare mshale wa joto hukaa katikati bila kutikisika, lakini ikipanda Mlima Kitonga na mzigo, mshale husogea hadi karibu na alama nyekundu na maji hufurika kwenye chupa ya akiba. Rejeta ni ileile iliyokuja na gari, ya shaba. Fundi mmoja anataka kuibandua tangi na kuzibua mirija, mwingine anasema ninunue mpya ya alumini yenye matangi ya plastiki, na wa tatu ana ya mtumba kutoka Japani ambayo anaisifia sana. Wote wanakubaliana juu ya jambo moja tu, kwamba themostati, yaani kile kilango kinachofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, itolewe. Naomba mnilinganishie, kwa kuzingatia kwamba gari hili ndilo linalotulisha.

Fundi Rejeta Mstaafu:
Kabla ya kulinganisha bei, ifungue rejeta ikiwa imepoa kabisa na umulike kwa tochi ndani ya mdomo wake. Ukiona ukoko mweupe au wa kahawia umezingira midomo ya mirija, maji hayapiti inavyotakiwa, na hapo kuzibua kuna maana: fundi huyeyusha risasi ya tangi la juu kwa moto wa gesi, hulibandua, hupitisha vijiti vyembamba katika kila mrija, kisha hulirudisha na kujaribu kwa upepo ndani ya pipa la maji. Hata hivyo, usiishie ndani. Pitisha ukucha kwenye vibati vyembamba vilivyo kati ya mirija, hasa sehemu ya chini ambako tope na chumvi hukaa. Vikipukutika kama majani makavu, au vikiwa vimeachana na mirija, hata ukizibua mirija yote joto halitatoka, kwa sababu kinachopeleka joto kwenye hewa ni vile vibati. Hapo dawa ni kubadilisha koa nzima, yaani sehemu ya kati yenye mirija na vibati, na kubakiza matangi ya zamani. Binafsi nitaitetea shaba daima kwa gari la shamba, kwa kuwa jiwe likiitoboa, fundi yeyote mwenye moto na risasi ataiziba jioni hiyohiyo.

Muuza Spea wa Gerezani:
Shikamoo mzee wangu. Nakiri kwamba ninauza hizo za alumini, kwa hiyo mnipime kwa tahadhari. Alumini ni nyepesi na mirija yake mipana hutoa joto vizuri. Mteja asidanganyike kwa kuhesabu safu za mirija pekee, maana safu moja pana inaweza kufanya kazi ya safu mbili nyembamba. Udhaifu wake uko kwenye tangi la plastiki, ambalo hubanwa kwa meno ya alumini juu ya mpira. Plastiki hiyo huzeeka kwa joto na kupasuka, mara nyingi pale shingoni panapoingia mpira wa juu unaoleta maji kutoka kwenye injini, na gundi inayopakwa barabarani haidumu. Ukichagua alumini, kagua unene wa koa, mahali pa bolti na ukubwa wa midomo dhidi ya ile ya zamani kabla hujalipa.

Kuhusu mtumba, msimamo wangu ni mkali zaidi. Rejeta iliyokaa kavu ghalani kwa muda mrefu huwa na ukoko uliokauka ambao hulegea ukishatia maji na kwenda kuziba mirija, na mpira wa tangi hukakamaa na kuanza kuvuja. Muuzaji akikataa kuijaribu kwa upepo mbele yako, muage kwa heshima. Usishtuke pia ukiona midomo miwili ya ziada kwenye tangi la chini. Hiyo ni ya gari la gia otomatiki, na wewe wa gia za mkono unaweza kuitumia rejeta hiyo.

Dereva wa Nakuru:
Nakubaliana na wenzangu, ila hilo la themostati lisipite hivihivi. Huku kwetu pia mafundi wengi huitoa, na kweli gari likikimbia bila mzigo mshale hushuka, jambo linalomfanya mwenye gari aamini amepona. Themostati za aina nyingi huwa na sahani ndogo upande wa chini, ambayo ikifunguka huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto huzunguka tu ndani ya injini wakati ambapo ulihitaji yote yaende mbele. Kwa maneno mengine, mlimani ndiko utakakoumia. Dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi pia hunywa mafuta zaidi na kuchakaa haraka. Itie ndani ya sufuria ya maji jikoni, ining'inie kwa uzi isiguse chini, na uweke kipimajoto: ikianza kufunguka karibu na nyuzi zilizoandikwa juu yake, nzima, isipofunguka, nunua nyingine, kwani ni kitu cha bei ndogo. Ukiirudisha, kile kitundu chenye kipini kinachochezacheza kikae juu ili hewa itoke.

Mhandisi wa Mbeya:
Sioni aliyeuliza habari za mfuniko wa rejeta, nao huenda ndio kitu cha bei rahisi kuliko vyote katika mjadala huu. Hapa Mbeya, kwenye mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuriani huchemka karibu nyuzi 94. Mfuniko wenye alama ya 0.9 unaoshika shinikizo lake husogeza kiwango hicho hadi zaidi ya 110, lakini springi ikichoka au mpira ukipasuka, unapanda mlima na maji yanayochemka mapema. Ubadilishe kwa wenye alama ileile. Usiweke wa shinikizo kubwa ukidhani unaongeza ulinzi, maana rejeta ya zamani na mipira yake havitavumilia.

Kuhusu maji: bloku ya injini ya chuma hushika kutu ikipewa maji matupu, na ya kisima chenye chumvi, kama mengi ya Dodoma, huacha ukoko ule alioueleza mzee. Tumia kulanti, ile dawa ya kupozea injini, nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Usichanganye aina mbili, na usiamini rangi, kwa sababu watengenezaji hawafuati rangi moja. Iliyotolewa isimwagwe uani. Ina utamu na ni sumu kwa watoto, mbwa na kuku.

Mkulima wa Ilula:
Nawashukuru sana. Nimekagua leo asubuhi. Vibati vya robo ya chini vinapukutika kwa ukucha. Mapovu hayaonekani mdomoni injini ikiwashwa ikiwa baridi, na mpira wa juu haukakamai mara moja, kwa hiyo natumaini gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia gesi ya injini isiingie kwenye maji, iko salama. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba lile kava linalozunguka feni halipo. Huenda aliyeniuzia gari aliliondoa.

Fundi Rejeta Mstaafu:
Basi hapo umepata sehemu kubwa ya jibu. Bila kava, feni huvuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta, na mlimani, ambako gari linatambaa, hakuna upepo wa mbele wa kusaidia. Tafuta kava kwanza. La mtumba linatosha, halina cha kuvuja. Izungushe pia feni kwa mkono injini ikiwa imezimwa lakini bado ya moto: ikizunguka kwa wepesi bila ukinzani, klachi yake, yaani kiungo kinachoishikisha na injini, imekwisha. Kwa rejeta yenyewe, badilisha koa kwa shaba iwapo fundi atakuonyesha koa mpya kabla ya kubandua ya zamani.

Muuza Spea wa Gerezani:
Na asipokuwa nayo, chukua alumini mpya, uibakize ya shaba nyumbani hadi koa ipatikane. Siku ya kujaza, washa hita ya ndani, jaza taratibu mfuniko ukiwa wazi, uache injini ingurume hadi mpira wa chini upate joto, kisha ongeza kilichopungua.