Je, serikali ya Uingereza ilikosea kupiga marufuku nyama ya ng'ombe yenye mfupa?

Swali
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nilikuwa Uingereza Desemba 1997, wakati mkia wa ng'ombe, ambao nyumbani kwetu ndio supu ya Jumapili, ulipotoweka buchani pamoja na mbavu na steki zenye mfupa. Ikiwa wataalamu wenyewe walisema kwamba hatari ya kuambukizwa ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ilikuwa ndogo sana, kwa nini serikali haikutuarifu tu, kisha ikatuacha tuamue wenyewe?

Jibu la kwanza
Ndugu yangu, Waziri wa Kilimo, Jack Cunningham, alichukua hatua hiyo baada ya wanasayansi kumweleza kwamba chembe za ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe zinaweza kuwamo katika mafundo ya neva yaliyo kando ya uti wa mgongo, ambayo hubaki kwenye mfupa nyama inapokatwa. Chembe hizo, yaani prioni, haziuawi na moto wa jiko, hata supu ikichemka usiku kucha. Kumbuka pia kwamba hadi Machi 1996, serikali ilipokiri kuwa huenda ugonjwa umewafikia binadamu, wananchi walikuwa wamehakikishiwa kwa miaka mingi kwamba nyama ni salama.

Jibu la pili
Naheshimu maelezo hayo, lakini sikubaliani nayo. Ubongo na uboho wa uti wa mgongo ulikuwa umekatazwa tangu 1989, na ng'ombe wa zaidi ya miezi 30 waliondolewa katika chakula mwaka 1996. Kinga kubwa ilikuwa tayari ipo. Marufuku hii iliwaongezea machungu wafugaji waliokwisha kupoteza soko la nje, na huko Scotland mwaka 1998 hakimu aliitupa kesi ya mwenye hoteli aliyeikaidi, akisema kanuni zenyewe zilikuwa na kasoro.

Jibu la tatu
Hoja ya kuchagua ina nguvu kwa anayeagiza steki, kwa maana mfupa anauona. Anayekunywa mchuzi hauoni, na ndiyo maana kanuni ziligusa pia mifupa ya kuchemshia supu. Kabla ya marufuku nilikuwa mpishi katika jiko la shule, ambako mifupa ilichemshwa tangu alfajiri kwa ajili ya mchuzi wa mchana. Hakuna mtoto aliyeulizwa kama anakubali. Marufuku ilipoondolewa Desemba 1999 nilifurahi kwa ajili ya wafugaji, lakini sijawahi kuilaumu.