Nina CCNA, nimekwama kwenye CCNP: Enterprise, Security au Service Provider?

kebo_ya_bluu
Wakuu heshima kwenu. Niende moja kwa moja kwenye mada. Nina CCNA (cheti cha msingi cha mitandao cha Cisco) na nimeshakaa kazini vya kutosha kuona hiki cheti peke yake hakinisogezi tena, ofisi imekubali kunilipia mtihani wa CCNP, cheti cha ngazi inayofuata, ila wanataka niwaambie nasomea nini, sasa hapo ndo nimekwama. Kazi yangu ya kila siku ni swichi, VLAN (kugawa mtandao mmoja vipande), wifi ya ofisi, matawi yaliyounganishwa kwa VPN, na fayawoli naigusa pale mwenye nayo akiwa likizo. Njia ninazozitazama ni tatu, Enterprise (mitandao ya makampuni), Security (ulinzi wa mtandao) na Service Provider (watoa huduma wa intaneti). Kila ninayemuuliza ananiambia soma security ndo kuna hela, ila mimi moyo uko kwenye ruting (kuelekeza data njia ya kupita), yani BGP, protokoli ya mitandao kupeana ruti, naweza kukesha nayo bila mtu kunilazimisha. Naogopa nisije nikasoma ninachokipenda nikakosa pa kukitumia, au nikakimbilia hela alafu kazi yenyewe ikanichosha. Waliopita huku nishikeni mkono. Na pia, ni kweli lazima uwe na CCNA iliyo hai ndo uruhusiwe kufanya CCNP?

mzee_wa_ruta
Nianze na la mwisho maana ni jepesi. Hapana, sio lazima. Cisco walipangua vyeti vyao vyote tarehe 24 Februari 2020 na tangu hapo hakuna sharti la kuwa na cha chini ndo ufanye cha juu. Zamani CCNP ya ruting na swichingi ilikuwa mitihani mitatu, ROUTE, SWITCH na TSHOOT. Sasa hivi ni miwili, mmoja wa msingi wa dakika 120 na mmoja wa eneo unalolichagua mwenyewe wa dakika 90. Wa msingi kwa Enterprise ni ENCOR (350-401), kwa Security ni SCOR (350-701), kwa Service Provider ni SPCOR (350-501). Kila mmoja ukifaulu unapewa cheti chake cha Specialist, kwaiyo hata ukiishia katikati hutoki mikono mitupu.

Ushauri wangu ni ENCOR alafu ENARSI (300-410), ule wa eneo la ruting. Soma tena ulichoandika mwenyewe, swichi, VLAN, matawi, VPN. Hiyo ni Enterprise tupu. Na ENARSI ina BGP, OSPF na EIGRP (protokoli za ruting ndani ya kampuni), DMVPN (VPN za matawi mengi), kugawa ruti kutoka protokoli moja kwenda nyingine, hadi MPLS (kusafirisha paketi kwa lebo) wanakugusishia kidogo. Yani mapenzi yako na kazi yako vimekaa sehemu moja, sijui unatafuta nini kingine.

fayawoli_tu
Mzee hapo juu yuko sawa ila na mimi niiseme kidogo security 😂

Mimi ndo niko huku. Kwanza hiyo ya "security kuna hela" watu wanaisema kama vile ukipata cheti hela inaingia yenyewe. SCOR ni pana sana, watu wanaingia wakidhani ni fayawoli mwanzo mwisho wanakuta kuna klaudi, kompyuta za watumiaji, ulinzi wa imeli na wavuti, ISE ya Cisco, yani mambo ya kuthibitisha nani anaingia kwenye mtandao. Kama hivo vitu havikusisimui utasoma kwa shida. Pili, matangazo mengi ya kazi za fayawoli yanataja bidhaa kwa jina, Fortinet, Palo Alto, Check Point, na kila mmoja ana vyeti vyake.

Tatu, na hii ndo ya muhimu, tatizo linaloletwa kwangu kama la fayawoli mara nyingi ni la ruting. Mfano mzuri kabisa, unaambiwa "fayawoli inazuia programu yetu", unafungua logi unakuta sheria inaruhusu vizuri tu. Ukifuatilia unagundua paketi ya SYN (ombi la kufungua mawasiliano) imepita fayawoli ya kwanza, jibu SYN-ACK limerudi kwa njia nyingine kupitia fayawoli ya pili, na ya pili haina habari na hiyo sesheni kwaiyo inaitupa. Asiyejua ruting atashinda hapo anaongeza sheria za kuruhusu mpaka jioni. Kwaiyo hata kama baadae utataka kuja huku, njoo na ruting kichwani.

tia_lebo
Naona Service Provider hakuna anayeitetea, ngoja niiseme mimi niliyeko kwa mtoa huduma.

Kama kweli unapenda BGP basi huku ndo nyumbani kwake. Kule ofisini BGP utaikuta na majirani wawili watatu ukisha-konfigi unaisahau, huku ni ruti reflekta (ruta inayosambaza ruti za BGP kwa wenzake), MPLS, IS-IS (protokoli nyingine ya ruting), segmenti ruting, sera za kupokea na kutoa ruti kwa wateja kila siku. Hata vifaa vina tabia nyingine. Kwenye IOS XR (mfumo wa ruta kubwa za Cisco) unaandika konfigi na hakitokei kitu mpaka upige commit, na ukiweka jirani wa eBGP (BGP na mtandao wa nje) bila kumpa sera ya kuingia na ya kutoka, sesheni inapanda Established vizuri kabisa ila ruti hata moja haipiti. Mtu aliyezoea IOS ya kawaida anakaa anaitazama tu, jirani yuko hewani, ruti sifuri.

Ila nikwambie ukweli kaka/dada, watoa huduma ni wachache kuliko makampuni ya kawaida kwaiyo nafasi nazo ni chache, na matengenezo tunayafanya usiku wakati wateja wamelala. Kama huna familia inayokusubiri poa. Na usikariri Cisco peke yake, Juniper wako wengi sana huku, angalia vyeti vyao vya JNCIA-Junos alafu JNCIS-SP, na wana maabara yao ya mtandaoni ya vLabs bure.

Kwa hali yako ya sasa, bila kifaa hata kimoja cha mtoa huduma mbele yako, nisingeanza na SPCOR. Utasoma MPLS usiku asubuhi unaenda kubadilisha pasiwedi ya wifi.

paketi_iliyopotea
Vyeti vyeti vyeti. Mnamwambia asome CCNP wakati mitandao inahamia klaudi. AWS wana cheti cha Advanced Networking, Azure wana AZ-700. Fikiria mbele.

mzee_wa_ruta
@paketi_iliyopotea na huko klaudi ofisi inaunganishwaje? Direct Connect ya AWS inaendeshwa na BGP, ExpressRoute ya Azure nayo BGP. Asome BGP kwanza hayo mengine yatamkuta anajua. Afu hajasema popote kwamba ofisi yao iko klaudi.

paketi_iliyopotea
Sawa mzee, hapo umenishika. Ila python (lugha ya programu) kidogo asiache, hata ENCOR wenyewe wanauliza python na JSON (namna ya kuandika data).

kebo_ya_bluu
Asanteni sana wakuu, nimewaelewa. Nimeegemea ENCOR na ENARSI. Maswali mawili tu: CCNA yangu inakaribia kuisha muda, je niifanye tena kwanza? Na labu ya mazoezi nafanyia wapi, Packet Tracer, ile simyuleta ya Cisco, inatosha?

mzee_wa_ruta
Usirudie CCNA. Ukifaulu ENCOR au ENARSI kabla haijaisha, inajihuisha yenyewe miaka 3 mingine. Wala hakuna sheria ya kuanza na upi, ukipenda anza na ENARSI. Mimi ningeanza na ENCOR kwa sababu ukiufaulu unaruhusiwa kuomba labu ya CCIE (cheti cha juu kuliko CCNP) ndani ya miaka 3, labda usifike huko ila mlango uwe wazi.

Packet Tracer iache, itakubania kwenye ENARSI. Tumia EVE-NG, GNS3 au CML ya Cisco wenyewe. Na usijenge tu vitu vikafanya kazi ukapiga makofi. Viharibu. Leo weka ruta mbili na OSPF, upande mmoja MTU (ukubwa wa juu wa paketi) 1500 mwingine 1400, alafu piga show ip ospf neighbor. Utaona majirani wameonana lakini wamenasa EXSTART/EXCHANGE, hatua za katikati, pingi inapita, na hakuna ruti. Tafuta kwanini kabla hujagugo.

fayawoli_tu
Na dampu (maswali ya mtihani yaliyovuja) usiguse. Mtu wa dampu tunamjua kwenye intavyuu swali la pili tu.

tia_lebo
Kitu kimoja naona kimewapita wote. Umesema ofisi imekubali kulipia mtihani, mmoja. ENCOR peke yake ni Specialist, sio CCNP. Kabla hujajibu bosi, kwenye maombi andika yote miwili kwa namba zake, 350-401 na 300-410, na useme wazi kwamba bila wa pili cheti hakitoki.

kebo_ya_bluu
Duh, hilo sikuliwaza kabisa. Nayaandika upya leo.