Wimbi la pili la korona India, 2021: kwa nini oksijeni iliisha Delhi?

Mdadisi: Wakuu, India ina viwanda vikubwa vya chuma vinavyozalisha oksijeni. Ilikuwaje Aprili 2021 hospitali za Delhi zikaishiwa?

Fundi Gesi: Mkuu, kilichokwama zaidi ni usafiri. Viwanda vingi viko mashariki, Odisha na Jharkhand, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Delhi. Oksijeni ya kimiminika huchemka kwenye nyuzi -183, kwa hiyo inataka matangi maalumu, nayo yalikuwa machache. Ikabidi matangi ya gesi nyingine, naitrojeni na agoni, yageuzwe yabebe oksijeni, treni zibebe malori ya gesi, na ndege za jeshi zirudishe matangi matupu kiwandani.

Wodi Na. 3: Piga hesabu ya mtungi wenye lita 7,000 za gesi. Mgonjwa wa lita 15 kwa dakika anaumaliza kwa saa 7 na dakika 45 hivi. Kwenye mashine ya lita 60 za oksijeni tupu kwa dakika, hata saa mbili hazifiki! Kiwango cha oksijeni kwenye damu ya mgonjwa kikishatulia kwenye 94%, punguza. Wengi huacha koki juu "kwa usalama".

Fundi Gesi: Na kivukizi, kile kifaa kinachogeuza oksijeni ya kimiminika kuwa gesi, je? Kikivutwa kupita uwezo wake kinaganda barafu, presha inashuka, na vitanda vya mwisho wa bomba vinaumia kwanza, tangi likiwa bado nusu.

Mdadisi: Na zile mashine zinazochuja hewa ya kawaida?

Wodi Na. 3: Lita 5 au 10 tu kwa dakika, na umeme ukikatika zinazima. Mtungi wa akiba uwe pembeni.