Bei ya ndoo ya dagaa: pande zote zimegoma, nitajuaje wanachohitaji hasa?

KatibuMwalo

Wakuu, habari za majukumu. Naomba msaada wa wanaojua usuluhishi. Kwenye mwalo wetu (ufukwe wa kushushia samaki), upande wa Ilemela, Mwanza, wenye mitumbwi ya dagaa na kikundi cha akina mama waanikaji wamevutana mpaka wameacha kuuziana. Wenye mitumbwi: ndoo ya lita 20 ni 12,000, taslimu asubuhi, hakuna mkopo. Akina mama: 9,000, na tunalipa tukishauza. Kamati ilipendekeza 10,500, katikati kabisa. Wote walikataa, tena kwa hasira zaidi.

Naambiwa nitenganishe msimamo wa mtu na haja iliyo nyuma yake. Kwa maneno naelewa, ila mbele ya watu ishirini wanaoongea kwa pamoja naanzia wapi? Kikao ni Jumamosi.

Nyamagana_Suluhu

Katibu, 10,500 haikumhakikishia mwenye mtumbwi petroli ya usiku ule, wala haikumwondolea mama hofu ya mvua. Ndiyo maana wote waliikataa.

Anza kwa kuvunjavunja kauli zao. "12,000, taslimu asubuhi, hakuna mkopo" ni madai zaidi ya moja yaliyofungwa kwenye sentensi moja. Chukua karatasi kubwa, uandike mambo manne, kila moja na mstari wake: bei; muda wa kulipa; kipimo (ndoo inafutwa usawa wa mdomo au inarundikwa, na dagaa wamechujwa maji au bado); na nani anabeba hasara wakinyeshewa. Hilo la nne sijaona ukisema limetajwa, na nadhani ndilo linalowala. Dagaa waliolowa wakiwa wameanikwa huuzwa kama chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Mama anaposema "tunalipa tukishauza", kwa sehemu kubwa anasema mvua isiwe yake peke yake.

Sasa namna ya kupambanua. Hesabu njia za kulitimiza jambo lenyewe. "Taslimu asubuhi" lina njia moja tu, kwa hiyo ni msimamo. "Injini isikose mafuta jioni" lina njia nyingi: kulipwa nusu asubuhi, mnunuzi kulipia petroli moja kwa moja, au kikundi kuwa na mfuko wa dharura. Ukiandika kitu ukidhani ni haja na huoni njia tatu za kukitimiza, bado uko kwenye msimamo. Endelea kuuliza.

Ila usiulize "kwa nini mnataka 12,000?" mbele ya kadamnasi. Mtu akiulizwa hivyo hujitetea, na kila akijitetea anazidi kung'ang'ania. Maswali haya yanafanya kazi vizuri zaidi:

– Mkiuza kwa masharti ya wenzenu wiki mbili, nini kitakwama kwanza?
– Ukilipwa 12,000 kamili lakini baada ya siku nne, unachukua?
– Ukilipwa 10,000 mkononi saa moja asubuhi, je?

Mawili ya mwisho yaulize pamoja. Anayekataa 12,000 ya siku nne akakubali 10,000 ya asubuhi amekuonyesha kwamba kinachombana ni muda, ingawa mdomo unataja bei. Kwa akina mama geuza: "9,000 taslimu, au 11,000 lakini wakilowa hasara tunagawana nusu kwa nusu?"

BintiKayenze

Naunga mkono hapo juu, ila maswali hayo hayajibiki kwenye kikao cha watu ishirini. Hakuna mwenye mtumbwi atakayesema mbele ya wanunuzi wake kwamba hana hela ya mafuta. Kutana na kila upande peke yake kabla ya Jumamosi, watu watatu au wanne, dakika 40 zinatosha. Mwishoni waulize: katika haya, yapi naruhusiwa kuwaambia wenzenu? Yaandike kando, usichanganye. Ukivujisha moja tu, usuluhishi wako umekwisha.

Halafu kuna watu hujawataja: wavuvi wenyewe, wanaopanda mtumbwi usiku. Mialo mingi mafuta na gharama hutolewa kwanza, kinachobaki kinagawanywa kati ya tajiri (mwenye mtumbwi) na wavuvi. Kwa hiyo tajiri akikubali kulipwa baada ya siku nne, amewakopesha akina mama hela ambayo sehemu yake ni ya wavuvi. Wavuvi hawatagoma. Watauza ndoo kadhaa hukohuko ziwani gizani, na asubuhi utashangaa mtumbwi umerudi mwepesi. Mapatano ya namna hii huvunjwa na mtu ambaye hakuulizwa, kwa hiyo mweke hata mwakilishi wao mmoja.

Tarehe ya malipo usiifunge kwenye kalenda ya ukutani, ifunge kwenye mwezi wa angani. Mbalamwezi ikishamiri, taa hazivuti dagaa na mitumbwi mingi hupumzika. Hapo ndipo wavuvi wanataka mahesabu yafungwe waende makwao. Sharti kama "nusu asubuhi, baki lote limalizwe kabla ya mbalamwezi" linaeleweka mwaloni kuliko "ndani ya siku 14".

HesabuKwanza

Mnasema vizuri, ila msimwaminishe Katibu kwamba ukichimba haja basi bei inajimaliza yenyewe. Ukishapanga muda, kipimo na mvua, bado kuna shilingi ambayo akiipata huyu anaikosa yule. Hapo haja haisaidii tena, unahitaji kigezo ambacho hakikutungwa na upande wowote.

Pimeni pamoja: ndoo tatu mbichi, zimechujwa, zinatoa kilo ngapi kavu? Kisha anzieni bei ya soko la samaki la Mwaloni Kirumba na mrudi nyuma. Namba hizi ni za mfano tu: kilo 12 kavu kwa 5,000 ni 60,000. Toa 9,000 ya gunia, usafiri na ushuru, toa 15,000 ya kazi ya kuanika. Inabaki 36,000, yaani 12,000 kwa ndoo. Sasa weka mvua: katika maaniko sita (yaani mkianika mara sita), moja likilowa na kuuzwa nusu bei, hasara ni 30,000. Gawa kwa sita, ni 5,000 kila aniko. Inabaki 31,000, kama 10,300 kwa ndoo.

Mmeona? Hesabu ileile inatoa bei mbili. Wenye mitumbwi wanadai bei ya kiangazi, akina mama wanadai bei ya masika na kuongeza hofu juu yake. Bei mbili za majira huenda zikakubalika kirahisi kuliko namba yoyote ya katikati. Na mkitumia vichanja vyenye turubai la kufunikia badala ya mchanga mtupu, ile 5,000 inapungua, na kuna cha kugawana zaidi.

Hili la kukataa katikati si la dagaa tu. Kwenye mazungumzo ya amani ya Camp David, Marekani, Septemba 1978, Misri ilitaka irudishiwe rasi ya Sinai yote iliyotekwa na Israeli, Israeli ilitaka kubaki na sehemu. Kila mstari wa kuigawa ulikataliwa. Misri ilihitaji ardhi iwe chini ya bendera yake. Israeli ilihitaji vifaru visikae mpakani. Sinai ikarudi kwa Misri kufikia Aprili 1982, majeshi yakiwekewa mipaka humo ndani. (Kipande cha Taba kiligombewa mpaka 1989, kwa hiyo nako hesabu za mwisho zilikuwepo.)

KatibuMwalo

Ahsanteni sana wakuu. Mawili yamebaki. Akina mama wanataka mapatano yaseme tutajenga banda la kudumu la kuhifadhia, hatua chache tu kutoka majini. Na mzee mmoja mwenye mitumbwi hataki hesabu yoyote, anasema "wamenidharau" basi.

Nyamagana_Suluhu

Banda: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Pande mbili zikikubaliana hapo mnajifunga bure, mtakuja kubomolewa. Ila banda ni msimamo. Haja ni dagaa wakavu wasilale nje, kwa hiyo tafuteni chumba cha kukodi nyuma ya mita hizo, au turubai na mlinzi.

Mzee: heshima nayo ni haja kamili, usiiruke ukakimbilia namba. Mfuate kwake, wewe na mmoja wa akina mama anayemheshimu, kabla ya kikao. Muulize ni neno gani lilisemwa na nani. Kama ni kuambiwa "mnatunyonya" mbele ya wavuvi wake, lisafishwe mbele ya wavuvi walewale, dakika tano za mwanzo Jumamosi, ndipo karatasi ibandikwe ukutani. Msimpe punguzo wala nyongeza ya bei kama fidia ya neno hilo, la sivyo kila mwenye mtumbwi atakuja na lake.

BintiKayenze

Na Katibu, Jumamosi usifunge mkataba wa mwaka. Jaribuni giza moja tu (kipindi kimoja cha uvuvi kati ya mbalamwezi na mbalamwezi), mhesabu maaniko yaliyolowa, kisha mkae tena wakati wa mbalamwezi.